Safari ya Mwanza: ndege au basi
Wapendwa habari za jioni, wengi mmeniuliza inbox kuhusu ndege ya harusini so najibu hapa hapa. Dar mpaka Mwanza kwa angani ni kama kilomita 850 hivi, ndege kubwa inatumia lisaa limoja na nusu, zile za mapanga zinachelewa kidogo, wakati kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100 na unalala njiani. Bibi magoti yameshavimba jamani, yeye lazima apande ndege, naombeni sana tumchangie. Airport mfike masaa mawili kabla, kitambulisho mkononi, na mkishuka kule mjini ni karibu tu, kama kilomita 10. Mwenye tiketi tayari anitumie muda wa kutua nipange gari.