Manowari ya msaji: barua kwa Mjomba

Hartlepool, Uingereza

Mjomba, shikamoo,

Salamu kwako na kwa mafundi wote. Uliuliza imekuwaje manowari ya mbao ya hapa, HMS Trincomalee, ielee tangu 1817. Mti, Mjomba! Iliundwa Bombay, India, na mafundi wa ukoo wa Wadia, kwa msaji wa Malabar. Michoro ya kwanza haikufika: merikebu Java iliyoibeba ilishindwa na manowari Constitution ya Marekani Desemba 1812, ikabidi itumwe mingine.

Wazungu kwao waliunda kwa mwaloni. Mwaloni una asidi inayokula chuma: msumari unaliwa, tundu linapanuka, maji yanaingia, ubao unaoza kuuzunguka. Msaji una mafuta yake, chuma hutulia ndani. Chini ya maji, pale mnapopaka deheni ya chokaa na mafuta, wao walipigilia mabati ya shaba kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ila shaba na chuma vikikutana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na huoni dalili mpaka mbao ziachane.

Ilifika Portsmouth 1819, vita na Napoleon vimekwisha. Iling'olewa milingoti, ikaezekwa paa, ikalala hadi 1845. Naamini paa hilo ndilo lililoiokoa. Chumvi huhifadhi ubao. Maji ya mvua huuozesha, hasa yakituama kwenye vichwa vya mataruma, zile mbavu za chombo, pasipofika upepo.

Ilipoamshwa, tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliundwa upya, na mizinga 46 ikabadilishwa kwa 26 mizito zaidi. Ikatumika Amerika Kaskazini na Karibi 1847 hadi 1850, kisha Pasifiki 1852 hadi 1857. Utumishi wake wa baharini ni hiyo miaka minane tu. Baadaye ikawa chuo cha mabaharia, ikauzwa 1897, ikaitwa Foudroyant. Ililetwa hapa 1987. Matengenezo yalianza 1990, yakaisha 2001.

Kalafati yao ya kuziba mianya ya mbao si pamba. Hufumua kamba kuukuu za katani, wakasokota nyuzi, wakazigongelea kwenye mshono kwa patasi butu, kisha lami ya moto juu. Kosa kubwa ni kushindilia sana mbao zikiwa kavu: zikilowa huvimba, zinasukumana, misumari inang'oka.

Niandikie, deheni siku hizi mnachanganya chokaa na mafuta gani?

Mpwa wako