Kwa nini nilikataa uvuliwe barakoa

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye simu umeniuliza kwa nini Jumapili ile niligombana na muuguzi aliyetaka kukuvua barakoa ya oksijeni, wakati kichwa kilishaacha kuuma na ulikuwa unaomba chai. Pale mbele za watu nilishindwa kukueleza.

Mkaa wa jiko uliolala nao chumbani ulikuwa umekolea, mwekundu, hauna moshi, ukaona hauna neno. Baridi ya Njombe mwezi wa saba naijua, sikulaumu. Lakini gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea huitoa vilevile. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni, tena huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe.

Ukipumua hewa ya kawaida, nusu yake hukutoka kwa saa 4 hadi 6. Kwa barakoa yenye mfuko, oksijeni ikiwa imefunguliwa sawasawa, ni saa 1 au 1 na nusu. Mtoto aliye tumboni mwako sivyo. Damu yake huipokea gesi ile polepole, ikaishika kuliko yako, na kuiachia kwake ni kwa shida. Wewe unaweza kuwa umeshasafika, yeye bado anayo. Ndiyo maana mjamzito huachwa kwenye oksijeni muda mrefu kuliko mgonjwa mwingine, hata akisema amepona.

Nilipokuwa mkunga kijana, mama mmoja mjamzito aliyepatwa na gesi hiyohiyo aliamka, akaoga, akala uji, tukafurahi naye. Kesho yake tulitafuta mapigo ya moyo wa mtoto, hatukuyapata. Yule mama sijamsahau. Jumapili nilikuwa namwona yeye kitandani pako.

Na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilichosoma 98, usikiamini, hakiwezi kutenganisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Maziwa aliyokunywesha mama mkwe wako yalitoka moyoni, mshukuru. Ila sumu hii huingia kwa pumzi na hutoka kwa pumzi. Kilichokuokoa ni mumeo kurudi mapema na kukutoa nje.

Jumatano nenda kliniki, uwaeleze yote, wakupime kwa ultrasaundi. Mtoto akipunguza kucheza, usiingoje Jumatano, nenda saa hiyohiyo, hata usiku.

Mablanketi mawili mazito nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Jiko libaki uani.

Mama yako