Barua ya wazi kwa vijana wa maskani zetu mbili, vijiwe vya vyama vyetu

Wanangu, assalamu alaykum.

Nina hasira tangu mkutano uliopita wa shehia, yaani mtaa wetu ulio chini ya sheha, na sababu mnaijua. Kijana mmoja aliinuka akauliza, kwa adabu, kwa nini mifereji, yaani mabomba, ya juu haitoi maji. Hajamaliza, akazomewa kwa kuwa ni wa chama cha pili. Mwenzenu wa chama tawala aliposema kwamba swali lile ni la haki, kwani na kwao ndoo ni kavu, wenzake wakamwita msaliti, na jioni jina lake likaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa maskani yake mwenyewe. Sheha akafunga mkutano bila ya jibu.

Chama mnakijua ni cha nini? Palipo na vyama viwili vyenye uzito, aliyeshinda hutawala kwa ilani aliyoiuza kwa wapiga kura, na aliyeshindwa humuuliza kila siku imefikia wapi, huku akitayarisha ilani iliyo bora zaidi. Kumzomea muulizaji ni kumpumzisha mtawala, na anayepumzika kwa zomeazomea zenu si nyinyi.

Nchi hii haijawahi kuwa ya upande mmoja. Juni 1961 ASP (Afro-Shirazi Party) na Hizbu (Zanzibar Nationalist Party) walitoka viti 10 kwa 10, na ghasia za uchaguzi ule zikaua watu 68. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata 50.1 na Maalim 49.1. Kwa hesabu hizo, ni nani mwenye ruhusa ya kuwaita nusu ya Wazanzibari maadui? Nyinyi hamkuiona Pemba ya baada ya 1995, pale mtu alipopita duka la jirani yake akaenda kununua sukari mbali, na maiti akatolewa nyumbani huku wanaume wa mtaa wamekaa barazani wakitazama, kwa sababu marehemu alikuwa wa kadi nyengine. Waliotufundisha uchafu ule walikuwa viongozi, ambao watoto wao hawakuonekana maskani hata siku moja.

Ndiyo maana nilifurahi Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokaa pamoja Novemba 2009, na asilimia 66.4 ya wapiga kura walipoikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya vyama kutawala pamoja, Julai 31, 2010. Lakini umoja ule haukufuta kazi ya kuuliza. Chama kilichomo serikalini kwa kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais bado kinapaswa kuhoji ndani ya Baraza la Wawakilishi, na nahofia wakubwa wa pande zote mbili wameona zaidi raha ya viti kuliko uzito wa maswali.

Mengine ni mafupi. Msichane bendera za watu. Msipokee fedha za kwenda kufanya fujo. Mkishindwa, daini kwa ushahidi. Mkishinda, msipige ngoma mlangoni kwa aliyeshindwa.

Mimi nina kadi, na nyote mnajua ya chama gani. Kabla ya kampeni zijazo, kila maskani itafute ilani ya wenzao na kuisoma yote. Nitapita baada ya Alasiri kukuulizeni, nikianza na wa chama changu.

Mzee wenu, Wete