Yaya, mbele ya kutoa avansi ya Kalebuka

Columbus, Ohio, siku ya Mungu usiku

Yaya Béa, mukubwa wangu,

Odio yako niliisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa mu bisi ya kuenda kazi, ya pili na ya tatu nilijificha mu choo ya depo juu shefu wetu hapendake kuona muntu na telefone ku sikio, njo maana jibu imekawia. Nimefurahi kusikia goti ya mama inapona. Nimefurahi pia kama mulipata lupango, ile kipande ya udongo ya kujenga, ya bei ile kule Kalebuka ya Lubumbashi. Lakini zile dola 4.500 uliniomba mu odio juu ya ile lupango sitatuma hii wiki. Ngoja, soma mpaka mwisho, kisha utanitukana.

Zile picha mbili ulituma, nilizivuta zikakuwa kubwa mpaka macho ikauma. Ile mukanda (karatasi) ya shefu wa kartie inaandika parseli nimero 1147. Ile ingine, atestasio (cheti) ya kuuzisha yenye kashe (muhuri) ya bleu, inaandika 1174. Komisioneri, ule dalali wenu, atakuambia ni sekreteri alikosea kupiga mashini, na inawezekana kweli. Ila inawezekana pia 1147 ni ya muntu moya, 1174 ni ya mwingine, na ule mwenye kuuzisha hana hata moya. Na ile ya kusema kuko bantu babili banangoja na feza mu mukono, lazima avansi kesho asubui, ile maneno niliisha kuisikia hata huku kwa bazungu.

Sikukuambia hii, nilipata haya. Mwaka yetu ya kwanza hapa tulitafuta nyumba ya kupanga, tukaona moya mu intaneti, matofali nyekundu, kiwanja ya batoto kucheza, bei chini. Bwana mwenyewe akasema yeye eko safari, tutume garanti ya dola 900 atatuma funguo na posta. Muke wangu alikuwa anaisha kufunga sahani mu makarto. Njo baba mumoya wa Bukavu, tunasali naye, akaniuliza: we mutoto, uliangalia ile adresi kwa odita? Nikamuuliza odita njo nani.

Kumbe hapa Ohio karibu kila kaunti, ni sawa teritware yetu, iko na odita, bantu banamupigia kura, na kazi yake moya ni kujua kila nyumba na kila kipande ya udongo ni ya nani na inastahili kodi ngapi. Unafungua saiti yake, unaandika adresi, ao jina ya muntu, ao nimero ya parseli, inakutolea jina ya mwenyewe, tarehe alinunua, bei alitoa, kodi alilipa ao hakulipa, karte ya mipaka, mpaka foto ya nyumba. Bure kabisa, na hakuna mwenye kukuuliza unatafuta nini. Niliandika ile adresi, ikatoka jina ya mama mumoya, hata herufi moya haikufanana na ya ule bwana. Nikamuandikia kumuuliza huyu mama ni nani kwako, akanifungia namba palepale. Dola 900 yetu ikabakia.

Nyuma ya pale nikuambie ukweli nilikaa usiku muzima naangalia nyumba za bantu sawa muntu mwenye kuchungulia mu dirisha, shefu wa kazi, jirani, pasta wetu mwenye anasemaka eko anapanga kumbe alinunua zamani. Muke wangu akaniambia sasa wewe umekuwa mwizi. Mi nikamuambia hapana, huku haiko siri.

Lakini yule baba wa Bukavu alinionya, odita haimalize kesi. Ye anaandika juu ya kodi. Mikanda yenyewe ya kuuzisha na kununua inachungwa mu biro ingine ya kaunti, banaitaka Rikoda, pale unafuata majina, huyu alinunua kwa yule, yule alinunua kwa mwingine, unarudia nyuma miaka makumi, unaangalia kama kuko deni ya banki yenye ilifunga nyumba ao deni ingine yenye haikulipwa. Kisha unapita ku greffe ya tribinali, biro yenye kuchunga mikanda ya kesi, kuona kama kuko kesi. Na hata ukimaliza yote, Leta ya huku haiapi kama huyu njo mwenyewe, inachunga tu mikanda. Njo maana mwenye kununua analipa bantu ba kazi ya kuchimbua ile mikanda, na juu yake ananunua asiransi (bima) kama kutatokea muntu wa kudai.

Sasa sikia kitu ilinishangaza. Kwetu sheria yenyewe iko na nguvu kuliko ya huku. Ni kwa bantu njo inaharibikia.

Sheria ya udongo ya kwetu ni ya tarehe 20 julai 1973. Inasema udongo yote ni ya Leta, sisi tunapewa tu konsesio, ni kusema haki ya kuitumia. Mukongomani anaweza kupata ya milele, mugeni anapata ya miaka 25 yenye anaweza kuongeza. Na ile haki inaonyeshwa na mukanda moya tu, ile yenye kuandikwa juu yake Certificat d'enregistrement. Haiko fishi ya parseli, haiko atestasio ya kuuzisha, haiko kashe ya bleu. Ile sertifika inafanywa mbili zenye kufanana: moya inabakia mu kitabu kikubwa ya Konservatere, mukubwa wa Leta mwenye kuandikisha udongo, moya anapewa mwenyewe. Inabeba nimero ya volime na ya folio, ni kusema kitabu gani na ukurasa gani. Kwa hiyo yaya, kitu tunanunua haiko ile karatasi muntu anatoa mu ambalope mbele yako mu baa. Tunanunua ule ukurasa wenye uko mu kitabu. Na kama muntu ameandikishwa pale na miaka mbili imepita, sertifika yake haivunjwe tena, mwenye alionewa anabakia kudai feza ya hasara tu. Fikiri sasa sisi tunakaa na atestasio yetu mu valizi, tunajenga polepole, kumbe mwingine anaisha kuandikisha jina.

Omba Kalala akusindikize, ye anajua kusoma Kifaransa ya biro, na usiende na komisioneri. Muende kwanza ku kadastre, biro ya kupima udongo, mutaje nimero, avenue, kartie, komini, mubaambie banaonyeshe ile parseli mu plan. Pale njo tutajua 1147 ao 1174, na kama ile nimero iko kweli, na urefu na upana ni ngapi, juu ule bwana anasema 20 kwa 25 lakini mu picha yako naona ukuta wa jirani umeingia. Kisha mupande kwa Konservatere wa titre imobilie. Musiulize kwa mudomo ku korido. Muandike barua, mubakishe kopi yenye balitia sinyatire na tarehe ya kupokea, na muulize mambo ine: parseli iko mu jina ya nani, volime na folio gani, iko na ipoteke (deni yenye iliifunga), iko na opozisio ya muntu mwenye kupinga. Kama kuko feza ya kulipa, mulipe penye banatoa resi, na resi unichungie. Ile ya "tupatie ya maji tutakuangalilia haraka" mutaisikia, mi siko malaika, najua Lubumbashi, lakini jibu ya mudomo haitatusaidia siku ya kesi.

Kama ule bwana eko na sertifika, mumuombe akuje nayo, Kalala ailinganishe na ile ya mu kitabu, jina, mita, tarehe, yote. Akikataa kufika ku biro, yaya, pale umeshapata jibu bila kulipa.

Na kama atasema lupango haina sertifika juu ilinunuliwa kwa shefu wa mila? Kule komini ya Annexe, penye Kalebuka iko, ni vile kwa bengi, najua. Sheria ya 1973 iliweka udongo ya bakaaji ba vijiji mu mukono ya Leta, ikasema Prezida atatosha ordonansi (amri) ya kupanga haki yabo, na miaka mingi bantu balibakia kuingoja. Njo mu ile nafasi bale bashefu na bakomisioneri banauzishia lupango moya kwa bantu batatu. Unakumbuka binamu yetu, alifika na brikete asubui akakuta muntu mwingine anaisha kuchimba fondasio, na bote babili beko na mukanda ya shefu ule ule. Kwa hiyo kama ni ya shefu, tutangoja kuona kama Leta ilipima, kama kuko PV (karatasi ya Leta) ya kupima na kontra ya lokasio (ya kupanga) yenye kutanguliaka sertifika. Kama hakuna hata ile, mi simo.

Uliza majirani pia. Uende mangaribi wakati bamama beko inje na makala, uulize tu kama ule bwana anajulikana pale, na kama baba yake alikufa. Nasema vile juu mu odio ulisema "ni ya marehemu papa yake". Basi haiko yake peke yake! Kode ya familia ya 1987 inapatia batoto bote ba marehemu robo tatu ya urizi, na ile robo ingine iko ya mujane, bazazi na bandugu. Bandugu yake beko bangapi? Balitia sinyatire wapi? Dada moya mwenye eko Likasi ao Kolwezi anatosha kutuharibia yote.

Na tusicheke bantu, juu yetu ya Katuba iko mubaya kuliko. Papa alikufa 2011, na mpaka leo mukanda yenye tuko nayo ni ile livre ya lojere ya zamani, inaonyesha tu kama alikaa pale, na baba mudogo anaichunga mu valizi sawa ni mali yake. Siku ukienda kwa Konservatere kwa ya Kalebuka, uulize na ya Katuba, ni volime gani, na kama hakuna, tunaanza vipi kuiandikisha mu jina ya mama na ya sisi bote. Baba mudogo atanuna. Anune.

Ingine ya mwisho, hii usimuambie mama kwanza. Mwaka kesho nitaapa uraia ya hapa. Kwetu uraia haichangane na ingine, ile siku nitapoteza ya Kongo mu sheria, na konsesio ya milele ni ya Mukongomani tu. Kwa hiyo hata kama feza inatoka kwangu, usiandikishe jina yangu. Andika ya mama ao ya Junior, tutafanya mukanda kati yetu kwa notere, na muke wangu anaisha kukubali, hata kama alinyamaza siku mbili.

Nilituma dola 60 leo ya taksi, resi na maji ya Kalala. Komisioneri umuambie mudogo wako wa Amerika anangoja foto ya ule ukurasa, na umuulize mbele ya bantu: ni 1147 ao ni 1174?

Umusalimie mama, umuambie viatu bya goti nilipata pointure 39.

Mudogo wako,
Papy