Mwanangu, nimewaona wale wenzangu wa misheni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako niliisikia kwenye voisi, marahaba. Uliniuliza swali afu ukacheka, eti mama umepanda ndege masaa yote hayo kwenda kuonana na watu mliokaa nao misheni enzi hizo, sasa mtaongea nini? Nilishindwa kukujibu kwa simu maana wenyewe walikuwa wamekaa hapo hapo pembeni yangu. Sa hizi wamelala ndo naandika, na ntaandika ndefu, vumilia.

Kwanza uelewe kwamba wenzako wa misheni huwachagui. Rafiki wa shule unamchagua, mchumba unamchagua, hata jirani ukimchoka unaweza kuhama, ila misheni unapangiwa tu, unafika na begi lako unaambiwa utalala chumba kimoja na huyu, funguo za stoo anazo yule, kiongozi ni fulani, na hao hao ndo utakula nao, utasali nao na kuugua homa mbele yao mpaka muda wako uishe. Unamuona mtu siku ambayo gari limekufa njiani na barua ya kwao haijafika, hapo hakuna cha utakatifu, unamuona kama alivyo. Na yeye anakuona hivyo hivyo, ndo maana mtu kama huyo huwezi kumwigizia hata mkionana mkiwa wazee.

Kuwapata sasa, ilikuwa kazi. Watu mnadhani ukiwa na intaneti unampata yeyote, thubutu. Wanawake wameolewa wakabadilisha majina, wengine wamehamia nchi nyingine kabisa, mmoja mambo ya mitandao hataki hata kuyasikia. Kilichonisaidia ni ofisi ya shirika lililotutuma, hawatoi anwani ya mtu hivi hivi lakini ukiwapa barua wanaifikisha kwa mwenyewe, akitaka atakujibu asipotaka basi. Akajibu yule muuguzi wa zahanati. Na kila kituo huwa kina mtu mmoja anayetunza anwani za wenzake, kwetu alikuwa yeye, ana daftari mpaka leo, kwa hiyo kumpata yeye ilikuwa kama kuwapata nusu ya wote. Ndo akafungua grupu la WhatsApp na safari ikaanzia hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa hadithi za zamani tupu, yaani tulicheka mpaka tukalia. Halafu zikaisha. Hilo hakuna aliyeniambia kabla, kwamba hadithi za zamani zinaisha haraka hivyo, jioni ya siku ya pili kila mtu anaangalia kikombe chake. Mwingine angesema basi, tumeshaonana, nirudi zangu, kumbe hapo ndo pazuri panaanzia, maana mmoja akaanza kueleza mume wake alivyofariki, akaeleza taratibu tu mpaka mwisho na hakuna aliyemkatisha. Afu yule fundi wetu, aliyekuwa anafufua jenereta kwa kipande cha waya, sa hizi anaendesha basi la shule na anasema hamna hata mmoja kazini kwake anayejua alishawahi kuwa mmisionari. Aliporudi kwao walimwita jioni moja kanisani aonyeshe picha, wakapiga makofi, ikawa imeisha hiyo, hakuna aliyemuuliza tena. Sasa umeelewa tunaongea nini?

Mmoja haamini tena. Alitutangazia mapema, hata chakula hakijafika mezani, nadhani aliogopa tutamfungulia mkutano wa injili pale pale sebuleni. Wawili wakakunja sura. Mimi nikamuuliza habari za mgongo wake maana ulikuwa unamsumbua tangu kule, akacheka, tukaendelea. Wapo watakaosema nilipaswa kumwambia neno, lakini huyu mtu alinibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, sina haraka naye.

Kuna ugomvi pia. Mmoja hajaja na kila mtu anajua kwa nini ingawa hakuna aliyesema, mambo ya uongozi wa kituo, nani alipendelewa na nani aliandika ripoti ya kumchongea mwenzake makao makuu. Watu wa nje wanashangaa wamisionari kugombana utadhani hawajasoma Matendo ya Mitume. Soma sura ya 15. Paulo anamwambia Barnaba twende tukawaangalie ndugu katika kila mji tuliohubiri, wazo zuri kabisa, la kwenda kuwaona watu wa zamani, na hapo hapo wanagombana kuhusu Marko kwa sababu aliwahi kuwaacha njiani kule Pamfilia, mpaka wanatengana, Barnaba anamchukua Marko wanapanda meli kwenda Kipro, Paulo anaondoka na Sila. Halafu unakuja kwenye barua ya pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, anasema umchukue Marko uje naye, ananifaa kwa utumishi. Huyo huyo Marko! Walipatana lini na nani alianza kumtafuta mwenzake, Biblia haielezi, na mimi nafurahi haielezi, ingeelezea watu wangefanya kanuni.

Au wachukue Krapf na Rebmann, wale wamisionari wa Kijerumani unaowajua kutoka kwenye historia. Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akamzika mke wake na mtoto mchanga, Rebmann akaja 1846, wakaanzisha kituo Rabai, karibu na Mombasa, wote wawili wakiwa na homa. Hawakuwa na mawazo sawa, Krapf alikuwa anaota mnyororo wa vituo kuvuka bara zima, Rebmann akaja kuona bora mtu atulie sehemu moja afanye kazi polepole. Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya afya, Rebmann akabaki mpaka 1875, macho yakiwa yamekwisha. Na aliporudi Ujerumani unajua alienda kuishi wapi? Korntal, alipokuwa anaishi Krapf. Akafa mwaka uliofuata, na kamusi aliyokuwa ameiandika ya lugha ya watu wa Nyasa, Krapf ndo aliyeihariri ikachapishwa 1877. Mimi nikiifikiria hiyo nasimama kidogo. Mzee mzima anakaa mezani anasafisha maandishi ya mwenzake ambaye hawakukubaliana jinsi ya kufanya kazi yenyewe.

Ila kilichonigusa zaidi huku sio sisi wazee. Ni kijana wa muuguzi, alizaliwa kule kule kituoni. Wazazi wake walipomaliza muda wakasema tunarudi nyumbani, kwake yeye hiyo ndo ilikuwa safari ya kwenda ugenini, na hakuna aliyemuuliza. Alikuja jioni akakaa na mimi jikoni akaniuliza habari za kila mtu, yule mlinzi bado yupo? ule mti nyuma ya zahanati walishaukata? watoto aliocheza nao mpira wameoa? Nilichojua nikamwambia. Wazazi wake walikuwa wanatusikiliza kimya na nadhani ndo mara ya kwanza walijua alikuwa na maswali mengi hivyo.

Sasa na wewe. Grupu la timu yako ya misheni kwa sasa linawaka, kila saa stika na picha, nakuona. Litapoa, yote hupoa, kwa hiyo usitegemee grupu, mwandikie mmoja mmoja na muulize mambo ya sasa, kazi, afya, mtoto, sio kila siku unakumbuka ile siku. Ukipata nafasi ya kusafiri kwenda kwao, usiende na fomu ya mchango mkononi, nakuomba sana, hawa watu wameombwa michango na kila mtu anayewakumbuka mpaka wakiona simu kutoka nje wanashtuka. Kama kuna mradi wa kuchangia watauliza wenyewe. Na kaa siku za kutosha, ukikaa moja utaondoka na hadithi za zamani peke yake, na hizo ulikuwa nazo tayari. Ukikuta mwenyeji wako amebadilika usimsahihishe.

Yule ambaye hakuja, muuguzi ana namba yake. Nimeichukua. Sijaamua nitaandika nini ila namba ninayo.

Naondoka huku Alhamisi. Kabla sijafika fungua kabati langu, albamu ya chini kabisa, kuna picha tumesimama mbele ya Land Rover iliyozama kwenye tope mpaka milangoni, ipige picha vizuri unitumie. Fundi anaapa mbele ya watu kwamba siku ile hakuwa yeye anayeendesha, na kwenye ile picha funguo anazo yeye mkononi.

Mama yako