Risala ya Kikundi cha Walezi wa Wagonjwa wa Akili, Dandora, Nairobi, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Chifu, viongozi wa dini, wahamasishaji wa afya ya jamii, mabibi na mabwana, hamjambo.

Karibu Dandora katika Siku hii ya Afya ya Akili Duniani. Kikundi kilianza 2019 na akina mama 7 wenye wagonjwa nyumbani. Leo tuko 34. Mafanikio ni makubwa: tumefungua akaunti ya benki, tumenunua viti 50 vya plastiki, na vijana wetu wawili wamerudi kazini, mmoja jua kali, mwingine makanga wa matatu.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja: chumba na muuguzi. Hospitali ya Mathari ipo tangu 1910, na hadi leo mgonjwa wa hapa hupanda matatu hadi Barabara ya Thika kudungwa sindano ya mwezi. Nauli ikikosekana, sindano inarukwa. Ikirukwa mara mbili, mgonjwa anaanza tena kusikia sauti, na majirani wanatafuta kamba ya kumfunga. Yuko mama kati yetu anayemfungia mwanawe ndani ili aende kufulia watu nguo. Msimhukumu. Hana wa kumwachia.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezipa kaunti jukumu la kuleta huduma hizi karibu na wananchi. Kule Harare, tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa husikiliza watu kwenye benchi za zahanati. Sisi pia tunasikiliza, ila nyuma ya pazia la kanisa. Siku ya kwaya, mtu hana pa kulilia.

Miaka mitatu iliyopita, mgeni aliyeketi kiti hicho alituahidi kontena la kuwa chumba hicho, ndani ya siku 90. Tulipiga vigelegele, tukasawazisha kiwanja, tukamwaga kokoto. Mwaka uliofuata mgeni mwingine akaahidi lile lile, akapigwa picha juu ya kokoto zetu. Tumepeleka barua nne. Nakala zenye mihuri ya kupokelewa anazo katibu. Tunajua hukuwa wewe, Mheshimiwa, na hatusemi haya kwa kukosa adabu.

Tunaomba kontena moja lenye dirisha na mlango wa kufungika, na muuguzi wa magonjwa ya akili aje na dawa kila baada ya wiki mbili. Meza, usafi na ulinzi wa usiku ni juu yetu. Tunaomba pia utupe tarehe, katibu aiandike hapa mbele ya wote.

Kiwanja kiko nyuma ya hema hili. Kabla ya chakula, tafadhali tembea nasi ukakione. Kokoto zipo, ingawa nyasi zimeota.

Tunawasilisha.