"Jut" si kuchomoza kwa jua

Mhariri, asalaam aleikum,

Mimi mzazi hapa Unguja, ukurasa wenu wa Kiingereza huwa nausoma pamoja na mwanangu wa kidato cha pili. Juzi mliweka neno "jut", maana yake mkaandika kuchomoza, basi, pakaishia hapo. Mtoto kaenda skuli kaandika "The sun juts in the morning". Na kwa alivyosoma hana kosa, maana kwetu jua linachomoza, mche unachomoza, hata jino la mtoto linachomoza, lakini "jut" haihusiani na kitu kinachoota wala kinachotoka saa hizi, ni kitu kishatulia pale pale ila kimetokeza kuliko wenzake, kimezidi usawa wa ukuta au wa pwani.

Mifano tunayo tele jamani. Mpelekeni mtoto Mizingani pale Dispensari ya Kale ya Tharia Topan, asimame chini atazame zile roshani za mbao zenye nakshi zilivyotoka nje ya ukuta, hapo atajua mwenyewe "jut out from the wall" ni kitu gani. Akiingia vichochoroni roshani ziko juu ya kichwa chake, hiyo ni "over the alley". Pemba nako, Ras Kigomasha ardhi imejisukuma baharini na mnara wa taa umesimama juu yake, basi "juts into the sea". Hivi vineno vidogo from, over na into ndo vinavyowakosesha watoto maksi na nyinyi hamkuvigusa kabisa. Halafu waambieni roshani yenyewe ndo inayofanya hiyo kazi, haandiki mtu "the carpenter jutted the balcony".

Ulimi na masikio yakitokeza husemwa "stick out", si "jut", meno na mifupa Waingereza hupenda "protrude", hasa madaktari.

Na kuna jambo zuri mngeweza kuwapa, "jut" limetokana na "jet", si ndege, ni neno la zamani la Kiingereza lililotoka kwenye neno la Kifaransa la kutupa, na "jetty" asili yake huko huko, ndo hii jeti yetu tunayofungia boti, mtoto wa pwani akisikia hivyo halisahau tena.

Naomba neno hili mlirudie toleo lijalo, kwa sentensi kamili na picha ya roshani pembeni, maana watoto wengi huku hawana kamusi nyumbani, gazeti lenu ndo kamusi yao.

Mzazi,
Unguja